Wamezoea

Kuna neno moja hapa Kakuma ambalo linatumika kama mhuri. Likishagongwa, maneno yamekwisha. Neno lenyewe ni "wamezoea". Mama anapita na jerikeni ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni, mtu anauliza kama hachoki, anajibiwa: huyo amezoea. Laini ya bomba imefika mpaka kwenye kona, ni saa tano za asubuhi na jua limeshaanza kuchoma, mgeni aliyeshuka kwenye gari la shirika jana anashangaa, mwenzake anamwambia: hawa wamezoea. Na sisi wenyewe tuko hivyo hivyo. Tunawaona Waturkana wakitembea mchana kweupe kwenye laga kavu na mbuzi wao, tunasema: wale ni kwao, wamezoea. Wao nao wakitazama mabati yetu yaliyobanana wanasema: wakimbizi wamezoea kuishi hivyo, kambi si iko tangu 1992? Yaani kila mtu amezoea kwa mdomo wa mwingine.

Swali langu ni hili. Mtu akishazoea kukosa kitu, haki yake juu ya kile kitu inapungua? Nimeona watu wenye roho nzuri kabisa wakijibu ndiyo bila kujua kwamba wamejibu. Hawasemi "apewe kidogo". Wanasema "amezoea", na kidogo kinafuata chenyewe.

Mimi nafanya kazi na vijana, masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Lakini mada moja ya biolojia ilinibaki kichwani, nayo ni figo. Nitajibu swali kwa kupitia humo, maana kuzoea kiu si neno la hewani. Kuna kiungo kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana, na ukikielewa unaona kuzoea maana yake nini.

Figo ziko mbili, nyuma, karibu na mbavu za mwisho, kila moja kama ngumi ya mtu mzima. Ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo sana vinavyoitwa nefroni, kama milioni moja. Damu inayosukumwa na moyo, karibu sehemu moja kati ya tano inapelekwa huko, kila dakika. Na kwa siku moja figo zinachuja lita kama 180 za maji. Hesabu mwenyewe: ni jerikeni tisa za lita 20. Mwilini hamna jerikeni tisa za maji. Ni maji yale yale yanapita na kurudi, yanapita na kurudi, ile sehemu ya damu iliyo maji inachujwa kama mara sitini kwa siku. Katika zile lita 180, unazokojoa ni moja au mbili. Zingine zote zimerudishwa.

Nilipofundishwa hivi mara ya kwanza nilifikiri figo zinaokota uchafu kwenye damu na kuutupa, kama mtu anayechambua mchele. Sivyo. Zinatoa nje karibu kila kitu, maji, chumvi, sukari, uchafu, zinabakiza tu chembe za damu na protini, kisha zinaanza kurudisha ndani kimoja kimoja kile kinachofaa. Ni kama mama anayesafisha nyumba kwa kutoa vyombo vyote uani. (Sisi tuliokimbia tunajua njia nyingine ya kuchagua vitu, ile ya kunyakua kilicho karibu gizani. Figo zina nafasi ya kutulia, sisi hatukuwa nayo.)

Sehemu kubwa ya maji na chumvi inarudishwa mapema, upende usipende, umekunywa au hujanywa. Uamuzi wenyewe uko mwishoni mwa mfereji. Tuseme umekula ndagala wakavu wenye chumvi na hujapata maji. Damu inaanza kuwa nzito kwa chumvi. Ubongo unagundua mapema sana, hata badiliko la asilimia moja au mbili. Unafanya mambo mawili: unakupa kiu, na unatuma homoni inayoitwa ADH. Homoni ikifika kwenye figo, kuta za ile mifereji ya mwisho zinafungua vijilango na maji yanarudi mwilini badala ya kwenda kwenye kibofu. Mkojo unakuwa kidogo, wa rangi ya chai. Ukija kunywa vizuri, homoni inapungua, vijilango vinafungwa, mkojo unakuwa mwingi na mweupe kama maji.

Chumvi nayo ina njia yake. Ukiipoteza kwa jasho jingi au kwa kuhara, maji ya damu yanapungua pamoja nayo, maana maji hufuata chumvi. Presha ikishuka, figo zenyewe ndizo zinapiga kelele: zinatoa kitu kinaitwa renini, na mwisho wa mlolongo huo ni vitezi vidogo vilivyokaa juu ya figo kutoa homoni nyingine, aldosteroni, inayosema: shikilia chumvi. Ikizidi upande wa pili, moyo ukivimba kwa maji mengi, moyo nao unatuma ujumbe wake: achilia. Hivyo ndivyo mwili unavyokaa sawa.

Mpaka hapo unaweza kusema, sasa si ndiyo hiyo? Mwili umeumbwa kuzoea! Ngoja kidogo.

Figo haziwezi kutengeneza maji. Hata tone. Zinaweza kubana tu. Na hata kubana kuna mwisho, kwa sababu uchafu wa mwili lazima utoke na hautoki mkavu. Mtu mzima, hata akinyimwa maji kabisa, anahitaji kukojoa karibu nusu lita kwa siku ili uchafu utoke. Hiyo nusu lita ni kama kodi, inakatwa hata kwa maskini. Ongeza maji yanayotoka kwa pumzi na kwa ngozi, na kwenye joto la hapa linalopita nyuzi 35 siku nyingi, jasho peke yake ni hasara kubwa. Kwa hiyo mtu anayeishi na kikombe kimoja na nusu cha maji ya kunywa hana mwili unaohitaji kikombe kimoja na nusu. Ana mwili unaobana. Ukimwangalia kwa nje hawa wawili wanafanana.

Hapo ndipo neno "amezoea" linapodanganya. Linachukua kazi na kuiita hali.

Nitoe mfano, na huu ni wa hapa hapa. Katika kikundi chetu cha wasichana tulikuwa tunaongea mambo ya afya, dada mmoja akasema yeye baada ya saa kumi jioni hanywi kitu. Nikauliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Choo kiko mbali na nyumba, njia haina taa, na kuna vijana wanakaa pale usiku. Asiponywa, haamki usiku. Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyetajiwa siri yake. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akasema, si kwa ubaya: "Hawa batoto bamezoea." Huyo mama mwenyewe nimemjua siku nyingi. Maji yakiwa kidogo nyumbani, yeye ni wa mwisho kunywa. "Mayi ni ya batoto kwanza," anasema, na anasema kweli.

Sasa fuata kinachotokea kwa yule dada. Saa kumi mpaka asubuhi ni zaidi ya nusu siku. ADH inapanda, vijilango vinafunguka, maji yanarudishwa, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Mwili unafanya kazi nzuri sana. Inakuwa nzuri mpaka hakuna anayeona tatizo. Asubuhi ana kichwa kinachogonga, anaenda shule. Akiendelea hivyo mwezi kwa mwezi, na kuubana mkojo pia, anajiweka karibu zaidi na maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya figo. Na figo zenyewe hazina mdomo. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake asijisikie chochote, hata kipimo cha kawaida cha damu kikawa bado kinaonekana kizuri. Kiungo kinachovumilia vizuri kuliko vyote ndicho kinachochelewa kutoa taarifa.

Huko Nikaragua na El Salvador kuna vijana wanaokata miwa kwenye joto kali. Kwa miaka mingi wengi wao wamekuwa wakiugua figo na kufa mapema, watu wasio na kisukari wala presha. Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo, lakini joto, kazi nzito na kukosa maji viko mbele kwenye orodha. Hao nao nadhani kuna aliyewaambia wamezoea.

Kuna jambo lingine ambalo lingeweza kunipinga, na ni haki nilitaje. Mwaka 2025 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanywa kwa Waturkana wenyewe, hawa majirani zetu. Watafiti walisoma vinasaba vyao na kuona kwamba katika vizazi vingi vya kuishi kwenye ukame na kula zaidi maziwa, damu na nyama, kuna vinasaba vilivyochaguliwa. Kimoja kinaitwa STC1, na kinahusika na figo: jinsi zinavyotunza maji, na pengine jinsi zinavyojikinga na uchafu unaotokana na nyama. Kwa hiyo mtu akisema "Waturkana wamezoea", mara hii ana sayansi mkononi. Au siyo?

Nililifikiria sana. Kwanza, hiyo si mazoea, ni maelfu ya miaka. Kinasaba hakichaguliwi kwa watu kujitahidi. Kinachaguliwa kwa sababu wasiokuwa nacho walizaa watoto wachache zaidi, au walikufa mapema. Ile nguvu tunayoiona leo ililipiwa, na waliolipa hawapo. Ukisema juu ya mtoto aliyeletwa hapa kutoka Fizi, ambako ziwa liko mlangoni, kwamba naye atazoea kama Mturkana, unamwambia afanye kwa mwaka mmoja kile ambacho kwa wengine kilichukua vizazi na makaburi. Pili, watafiti hao hao walipopima watu, wengi walionekana mwili umepungukiwa maji. Walikuwa wanaishi, ndiyo, na afya yao kwa jumla ilikuwa nzuri. Lakini walikuwa na upungufu wa maji. Kuwa na figo nzuri hakuondoi kiu kwenye koo. Na tatu, watafiti wanaonya kwamba mwili ule ule ukihamia mjini, chakula kikabadilika, kile kilichosaidia jangwani kinaweza kuleta magonjwa. Ndiyo kusema hata zawadi ya kuvumilia ina mahali pake.

Kwa hiyo mimi sikubali hata kwa Waturkana. Nani alisema mtu mwenye mgongo wenye nguvu ndiye apewe mzigo kila siku?

Tulipolijadili hili kwenye klabu, kijana mmoja anayependa sana biolojia alinibana vizuri. Akasema: lakini mwili wenyewe hauna usawa. Mtu akipoteza maji au damu nyingi, mwili unafunga mishipa ya ngozi, unafunga ya tumbo, mwishowe unazipunguzia hata figo damu, ili ubongo na moyo vipate. Kwa hiyo, akasema, asili inatufundisha kwamba vitu vikiwa vichache lazima wengine watolewe sadaka. Na ni kweli, mwili unafanya hivyo. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyejibu. Halafu dada mmoja wa kidato cha pili akasema: "Ngozi haina mama."

Tulicheka, lakini nadhani alimaliza hoja. Ngozi na ubongo ni mtu mmoja. Ubongo ukipona, ngozi imepona. Bloku letu si mtu mmoja. Nyumba ya kwanza ikinywa, nyumba ya kumi haijanywa. Mimi ningeongeza kitu kimoja tu: mwili unafunga mishipa kwa dharura. Ni saa, si miaka. Figo zikinyimwa damu muda mrefu zinakufa, na zikifa, ule ubongo uliotunzwa hautabaki salama nao. Mwili unajua tofauti ya dharura na maisha. Kambi yetu ni mzee kuliko mimi. Huwezi kuendelea kuigawia kama mtu aliyeanguka barabarani leo asubuhi.

Mzee mmoja naye alinipinga kutoka upande ambao sikuutegemea. Akasema: kijana, usitunyang'anye hilo neno. Mimi nimetembea kwa miguu, nimelala msituni, nimezika, na niko hapa. Nikisema nimezoea, hiyo ndiyo heshima yangu, sina nyingine. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Tangu siku hiyo natofautisha. "Nimezoea" kwa mdomo wa mwenyewe ni sifa yake, aitunze. "Amezoea" kwa mdomo wa anayeshika funguo za bomba ni risiti ya deni ambalo halijalipwa. Yule mama wa "mayi ni ya batoto" tunaweza kumsifu mpaka kesho, lakini sifa hazina maji ndani yake. Akinyimwa na umaskini, halafu sisi tukamwimbia wimbo wa uvumilivu, wimbo huo unamsaidia nani?

Basi tugawe vipi? Hapa nina hadithi moja ya kweli, nayo ni ya wakimbizi kama sisi. Mwaka 1971 vita vya Bangladeshi vilisukuma mamilioni ya watu kuingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Mji wa Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na dripu hazitoshi. Watu wengi wakati huo waliamini kwamba bila dripu na daktari hakuna tiba. Yeye akachanganya chumvi na sukari kwenye maji, akaweka kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30 vilishuka mpaka chini ya 4. Inafanya kazi kwa sababu ukuta wa utumbo unapokea sukari na chumvi kwa mlango mmoja, na maji yanafuata nyuma yao. Maji matupu yasingetosha. Hata sisi tunajua ile ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukata usawa.

Kinachonishika katika tiba ile ni kanuni yake. Mgonjwa hapewi kwa wastani. Anapewa kwa kadiri alivyopoteza. Aliyehara mara moja ananyweshwa, aliyehara mara kumi ananyweshwa mara kumi. Hakuna anayeuliza kama amezoea kuhara. Na lazima ujue amepoteza nini, si kiasi gani tu, kwa sababu anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu mengi anaweza kuharibu chumvi ya damu yake.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, najua mna kipimo cha lita 20 kwa mtu kwa siku, na ile ya chini kabisa ya dharura, lita 15. Sigombani na namba. Namba ni bora kuliko "wamezoea", angalau namba inaweza kudaiwa. Lakini lita 20 kwa wastani haijui kwamba ndani ya nyumba moja mama amekunywa kikombe, na haijui kwamba dada amekataa kunywa maji yaliyopo kwa sababu ya taa. Ile taa ya chooni kwenye karatasi zenu iko upande wa usalama, na maji yako upande wa maji. Kwenye figo za yule dada ni kitu kimoja.

Sisi kwenye kikundi tumeanza kitu kidogo. Tukitembelea nyumba hatuulizi "mnaendeleaje", maana jibu ni "tunavumilia". Tunauliza: leo umekunywa nini, na saa ngapi? Majibu ni mafupi na mengine yanatia aibu. Chai, asubuhi. Uji wa mtoto aliobakiza. Bado.

Kuna suala moja ambalo hatujalimaliza. Akina mama wa Kiturkana wanaotuletea kuni na makaa wanaomba maji kwenye bomba la bloku. Wengine wetu wanasema wao hawamo kwenye hesabu, laini yenyewe ni ndefu, na tukiwapa hao watakuja na wengine. Wengine wanasema wametembea tangu alfajiri na mzigo wa kuni zinazopika chakula chetu. Jumamosi tutakaa tena. Mzee wa bloku amesema atakuja, na mama mmoja anayeuza makaa kwetu amesema atakuja pia, kama tutamtafutia mtu wa kumtafsiria.